Uchambuzi wa kisa: Fonti ya madoido kwenye lebo ya asali ya nyuki wadogo

Kuhusu kisa hiki

Lebo moja ya chupa ya asali ilichapwa mara mbili. Ya kwanza duka liliikataa, ya pili ikapokelewa. Fonti ya jina la bidhaa ilikuwa ileile mara zote mbili: nene, ya serifi (yaani yenye vijino kwenye ncha za herufi), yenye mikia na mapindo ya kizamani. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hiyo. Fonti za namna hii huhukumiwa upesi mno. Mtu husema "hazisomeki", akakimbilia herufi kavu za kawaida, wakati mara nyingi tatizo ni maneno zilizobebeshwa, ukubwa zilizopewa na mashine iliyozichapa.

Jina la kikundi, la wilaya, la duka, la kiwanda cha uchapaji na la fonti yenyewe nimeyaondoa. Maneno ya kawaida yaliyokuwa kwenye lebo nimeyaacha, kwa kuwa uchambuzi wote umesimama juu ya herufi zake. Mimi niliingia baada ya lebo ya kwanza kukataliwa. Aliyeniita ni msanifu wa kazi hiyo, kijana niliyewahi kumfundisha.

Usuli

Kikundi hiki kinafuga nyuki katika misitu ya miombo magharibi mwa Tanzania. Sehemu kubwa ya mavuno yake ni asali ya nyuki wakubwa, inayouzwa kwa ndoo. Sehemu ndogo ni ya nyuki wadogo wasiouma, wale wanaojenga ndani ya matundu ya miti na magogo. Mzinga mmoja wa nyuki hao hutoa asali kidogo sana. Ni asali nyepesi, yenye uchachu kwa mbali, na wengi huitafuta kama dawa ya kikohozi. Ndiyo maana bei yake iko juu kuliko ya asali ya kawaida, na ndiyo maana kikundi kiliamua kuifungasha kwenye chupa zake chenyewe, za gramu 250 na za gramu 100.

Kabla ya hapo lebo zao zilichapwa stationari kwenye karatasi ya A4, zikakatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa selotepu. Duka moja kubwa la Dar es Salaam lilipoonyesha nia ya kupokea mzigo, lilitaka lebo isiyochubuka, bakodi, uzito unaosomeka na jina linaloonekana kutoka kwenye njia ya kati ya rafu.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama wa makamo mwenye jicho kali. Alijua anachotaka. "Mwanangu," alimwambia msanifu, "nataka maandishi kama ya makopo ya zamani, yale ya kabati la bibi." Alikuwa akikumbuka makopo ya majani ya chai na ya biskuti yaliyobaki nyumbani miaka mingi baada ya vilivyomo kwisha, yakahifadhiwa sindano, vifungo na sukari. Ombi hilo lilikuwa zuri na nataka niliheshimu tangu mwanzo. Mnunuzi anayepita mbele ya rafu huona umbo la herufi kabla hajasoma neno. Herufi nene zenye mapindo ya kizamani humwambia kwamba kitu hiki kimetengenezwa na watu, taratibu, kwa njia wanayoijua. Kwa asali ya nyuki wadogo hayo ni kweli tupu.

Fonti iliyochaguliwa

Msanifu alipata fonti aliyoiona inajibu ombi hilo. Ilikuwa na serifi zilizojikunja ncha kama kucha, mashina mazito sana, na mistari membamba kama unywele iliyounganisha mashina hayo. Herufi kubwa karibu zote zilikuwa na umbo la pili lenye mkia, na nyingine hata la tatu.

Ukoo wa herufi za namna hii unaanzia London mwanzoni mwa karne ya 19, matangazo ya kubandika ukutani yaliposhamiri na wachapaji wakahitaji herufi zinazoonekana ng'ambo ya barabara. Herufi za vitabu zilinenepeshwa mashina huku ile mistari myembamba ikiachwa ilivyo. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake. Tangu hapo herufi kubwa hazikuwa mzigo wa risasi tena, ile metali nzito ya kusubia herufi, na mapambo yakazidi. Wachapaji wa Marekani walihesabu ukubwa wa herufi hizo kwa mistari ya pointi 12 kila mmoja, kwa hiyo herufi ya mistari kumi ilifika pointi 120, sentimita nne na kitu. Huo ndio ukubwa wa kawaida wa mababu wa fonti tunayoizungumzia.

Mtindo ukafufuka New York katika miaka ya 1970, herufi zilipokuwa zikipangwa kwa picha badala ya risasi. Mchoraji wa herufi Ed Benguiat alichora fonti ya ITC Bookman ya mwaka 1975 ikiwa na mikia mingi ya kuchagua, na ladha hiyo ndiyo watu wengi huiita ya kizamani siku hizi. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe walitangaza mfumo wa OpenType, unaowezesha faili moja la fonti kubeba maumbo kadhaa ya herufi moja na kuyabadilisha yenyewe kulingana na jirani zake. Fonti ya msanifu wetu ilikuwa mjukuu wa wote hao: unene wa matangazo ya London, mikia ya New York, na swichi za kompyuta za kuiwasha yote kwa pamoja.

Aliipakua toleo la majaribio, akaiona ikivutia kwenye picha za muuzaji. Picha hizo zilikuwa na maneno ya Kiingereza, yaliyopangwa moja moja na kujaza ukurasa.

Yaliyotokea

Lebo ya kwanza ilikuwa na upana wa milimita 70. Juu ya mchoro wa mzinga wa gogo aliandika kwa herufi kubwa tupu ASALI YA NYUKI WADOGO, maneno yamepinda kama upinde, meupe juu ya kahawia iliyokolea. Swichi zote za mikia ziliwashwa. Kuzunguka lebo nzima kulikuwa na pindo la maua. Uzito, anwani, maelekezo ya matumizi, vyote viliandikwa kwa fonti hiyohiyo, vikipunguzwa tu ukubwa.

Kila mtu aliyeiona aliipenda, na hapo pana jambo la kuangalia. Msanifu aliiona kwenye kompyuta ikiwa imekuzwa mara nne. Mwenyekiti aliiona kwenye WhatsApp, akaivuta kwa vidole hadi ikajaa kioo. Hakuna aliyeiona ikiwa na ukubwa wake wa chupa. Kiwandani faili lilipokelewa kama picha iliyokamilika, pleti zikatengenezwa, na rolo zikachapwa kwa flekso juu ya plastiki nyeupe.

Flekso hutumia pleti laini inayogandamizwa kwenye plastiki. Wino hutanuka kidogo kila upande unapogandamizwa. Mstari wa wino ukitanuka unanenepa. Mstari mweupe ulioachwa wazi ndani ya rangi hufanyiwa kinyume chake: wino wa pande zote mbili unausogelea na kuumeza. Herufi za lebo hii zilikuwa na urefu wa karibu milimita tano, na ile mistari ya unywele ilibaki na karibu sehemu ya kumi ya milimita. Fundi wa mashine alinieleza baadaye kwamba kwa mstari mweupe ndani ya rangi yeye hataki kushuka chini ya milimita 0.3. Mistari yetu ilimezwa karibu yote.

Matokeo yake yanafaa kuangaliwa herufi kwa herufi. Katika fonti zenye tofauti kubwa ya unene, A ina mguu wa kushoto mwembamba, kidaraja chembamba, na mguu wa kulia mnene. Wembamba ukipotea, kinachobaki ni mstari mmoja mnene ulioinama. N ina miguu miwili membamba iliyosimama na mshazari mnene katikati. Nayo hubaki mstari mmoja ulioinama. W ina mishazari miwili minene na miwili membamba ikipishana. Hubaki mistari miwili iliyoinama upande uleule. D, O na G huokoka, kwa sababu unene wao uko kwenye shina na mbavu za mviringo. Basi neno WADOGO likawa mistari mitatu iliyolala upande mmoja, kisha DOGO. Mfanyakazi wa mapokezi dukani alisoma hivyo hivyo.

Uzito nao ulileta taabu. Tarakimu za fonti hii zilikuwa za mtindo wa kale, ambapo sifuri hukaa na kimo cha o ndogo, na moja huchorwa kama I fupi. Kwenye chupa ndogo, "100 g" ikasomeka kama herufi zisizo na maana. Duka lilirudisha mzigo likitoa sababu mbili: jina halisomeki kwa umbali wa mteja, na uzito hauko wazi.

Maamuzi na sababu zake

Tulikaa watatu kwenye meza ya ofisi ya kikundi: mwenyekiti, msanifu na mimi, na chupa zilizorudishwa zikiwa mbele yetu. Swali langu la kwanza lilikuwa la leseni. Faili lilikuwa la majaribio, na masharti yake yalikataza kutumiwa kwenye bidhaa ya kuuzwa. Kabla ya kujadili uzuri, ilibidi tujue kama tunaruhusiwa kabisa kuendelea nayo.

Zipo fonti nzuri za ukoo huu zenye leseni huria ya shirika la SIL, ambazo mfanyabiashara anaweza kuzitumia bila malipo. Tuliweka mezani Abril Fatface na Playfair Display. Zote mbili zina unene na wembamba unaopishana vizuri, na Playfair ina herufi ndogo za kuvutia sana. Mwenyekiti alizitazama kwa makini akasema ni nzuri, lakini ni za gazeti. Alikuwa na haki. Mapambo aliyoyaomba hayakuwemo. Tukaamua kununua leseni ya ile fonti ya kwanza, tukahakikisha masharti yake yanaruhusu kugeuza herufi kuwa michoro na kuirekebisha michoro hiyo kwa ajili ya nembo. Risiti na leseni vikahifadhiwa kwa jina la kikundi, asije msanifu akaondoka navyo.

Niligusia pia njia ya tatu, kumwita fundi wa kuandika mabango kwa brashi achore jina lote kwa mkono. Binafsi ndiyo njia ninayoipenda zaidi kwa bidhaa ya namna hii, na mafundi wenye mkono huo bado wapo katika miji yetu mingi. Msimu wa mavuno ulikuwa mlangoni, tukaiacha.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa maneno. Nilipendekeza fonti ya madoido ibebe neno moja tu, ASALI, yaliyobaki yaende kwenye fonti tulivu. Nilidhani neno fupi la herufi tano lingejaza upana wa lebo na kupata ukubwa wa kutosha. Mwenyekiti alikataa papo hapo. "Asali wanaiona kwenye chupa, mwalimu. Wanacholipia ni nyuki wadogo." Mbele ya hoja hiyo sikuwa na la kubishana. Rafu ile ilikuwa na asali za aina nyingi, zote zimeandikwa ASALI kwa ukubwa. Kilichoitofautisha hii na nyingine ndicho kilichostahili herufi nzito.

Maneno yakawa mawili, Nyuki Wadogo, moja juu ya jingine. Hapo msanifu akaleta wazo lililoiokoa lebo: tuache herufi kubwa tupu, tuandike N na W kubwa na zilizobaki ndogo. Herufi ndogo za fonti hii zilikuwa nene zaidi kwa uwiano wake na zilikuwa na maumbo yanayotofautiana. k ilikuwa na bega, g ilikuwa na sikio na mkia wa mviringo, d ilisimama kwa shina refu. Umbo la neno likapata vilima na mabonde, na jicho hushika umbo hilo kwa mbali. Mstari wa juu tuliusogeza kidogo mpaka mkia wa y ukashuka juu ya a, pale penye nafasi kwa kuwa a ni fupi, ukakaa kando ya shina la d badala ya kugongana nalo. Mistari miwili ikashikana kama iliyochongwa pamoja.

Mikia ya ziada ilizimwa yote isipokuwa miwili: wa kuanzia N na wa W upande wa kushoto. Rangi zikageuzwa, maandishi ya kahawia juu ya rangi ya maziwa, ili kule kutanuka kwa wino kunenepeshe mistari myembamba badala ya kuimeza. Pindo la maua likaondolewa. Mwenyekiti alilitetea kwa muda, mpaka msanifu alipomwonyesha leso yake mwenyewe. Kanga ina pindo zito na mji uliojaa nakshi, na jina huandikwa kwa herufi rahisi zilizonyooka, kwenye kisanduku chake, bila pambo lolote. Nakshi iko upande mmoja na maandishi yanapumzika upande mwingine. Lebo yetu ilikuwa imerembesha vyote. Kwa kuwa tumeamua herufi ndizo ziwe nakshi, pindo likae kando.

Uzito, viambato na anwani vikahamia kwenye fonti isiyo na serifi. Kwa kimo cha tarakimu za uzito tulichukua kanuni za Ulaya kama kipimo chetu, kwa kuwa ni kali na ziko wazi: milimita 4 kwa mzigo unaozidi gramu 200 hadi gramu 1000, na milimita 3 kwa unaozidi 50 hadi 200.

Mwisho tukaomba kiwanda kitupe jaribio kwenye plastiki yenyewe kabla ya kuchapa rolo. Msanifu aliweka jina katika unene wa aina tatu wa mistari myembamba. Jaribio lilitugharimu, na mhasibu wa kikundi alinung'unika. Tulichagua unene wa kati.

Matokeo

Duka lilipokea lebo ya gramu 250 bila swali. Kwa hatua kadhaa kutoka kwenye rafu jina linasomeka, na ukiishika chupa mkononi unaona sikio la g na mkia wa W, vitu vinavyomfanya mtu aigeuze chupa aitazame tena. Mauzo ya msimu ule yalipanda, ila kikundi kiliongeza pia duka la pili na kupunguza bei ya jumla, kwa hiyo sitaipa lebo sifa hiyo.

Chupa ya gramu 100 haikwenda vizuri. Kiwandani walichukua mchoro wa lebo kubwa na kuupunguza mpaka ukatosha. Mistari tuliyoinenepesha kwa uangalifu ikarudi kuwa unywele. Jina lilisomeka, lakini mguu wa mwisho wa N ulikatika kwenye lebo nyingi, na tundu la a lilikuwa limejaa wino. Duka lilizikubali. Sisi hatukuridhika.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kuuliza neno lipi linastahili sauti. Fonti ya madoido ina nguvu kwa sababu hutumika kwa uchache, na kila mtu kwenye fani hii hulisema hilo. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba uchaguzi wa neno hilo hauko mikononi mwa msanifu. Mwenyekiti alijua mteja analipia nini. Mimi nilichagua neno kwa idadi ya herufi zake, yeye akalichagua kwa maana yake sokoni, kisha msanifu akatafuta namna ya kulifanya litoshe. Ningependa kazi zote ziende kwa mpangilio huo.

Kilichoshindwa mara ya kwanza kina mizizi miwili, na wa kwanza ni ukubwa. Zama za risasi, kila ukubwa wa herufi ulichongwa peke yake. Mchongaji wa herufi ndogo alinenepesha mistari myembamba, akapanua matundu, akaongeza nafasi baina ya herufi. Leo fonti nyingi za madoido huchorwa mara moja, kwa ukubwa wa bango, na kompyuta huupunguza mchoro huo bila kuujali. Kwenye kioo unaweza kuukuza tena, kwenye chupa huwezi. Jaribio pekee la maana ni kuchapa lebo kwa ukubwa wake halisi, hata kwa printa ya ofisini, ukaibandika kwenye chupa na kurudi nyuma hatua chache. Lebo ya kwanza isingevuka jaribio hilo.

Mzizi wa pili ni lugha, na hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa wasanifu wetu hufundishwa kwa mifano ya Kiingereza na hawaambiwi.

Hesabu herufi za ASALI YA NYUKI WADOGO. Ziko 18, na nne kati yake ni A. Hiyo si bahati mbaya ya jina hili. Herufi a ndiyo inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili. Fonti ikiwa na A yenye mkia mzuri wa kushoto na ukiuwasha popote, utapata mkia uleule mara nne katika maneno manne, na pambo lililokusudiwa kushangaza linakuwa mchirizi unaochosha. Mfumo wa OpenType unaweza kupokezanisha maumbo mawili au matatu ya A endapo mchoraji ameyaweka. Kama hajaweka, msanifu achague mwenyewe, A moja moja.

Kisha angalia jozi. YA na WA ni miongoni mwa jozi ngumu zaidi kwa mchoraji yeyote wa herufi kubwa, kwa sababu mishazari yake huacha pengo pana katikati. Kiingereza hukutana nazo mara chache zaidi. Kiswahili hakiwezi kupita sentensi moja bila ya, wa, kwa, vya, wakati, wanawake. Fonti iliyofanyiwa kazi nusunusu katika nafasi za jozi hizo itaonekana safi kwenye picha za muuzaji na itatoboka matundu kwenye lebo yako. Maumbo yenye mikia ndiyo hatari zaidi, kwani mara nyingi nafasi kati yake na herufi nyingine haikupimwa kabisa. W kubwa ikifuatwa na a ndogo hupunguza shida hiyo, a inapojisogeza chini ya bega la W. Hiyo ni sababu nyingine iliyofanya wazo la msanifu kuwa zuri kuliko alivyodhani mwenyewe.

Angalia na miisho. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Fonti hii ilikuwa na mikia ya mwisho wa neno iliyochorwa kwa ustadi mkubwa kwenye n, r, t na h, na picha za muuzaji ziliishia na herufi hizo. Kwenye lebo ya Kiswahili hakuna hata mmoja kati ya mikia hiyo utakaojitokeza. Alama ya kuunganishia ya Kiingereza, ile &, ilikuwa pambo kuu la fonti nzima, nasi tuna "na". Sehemu kubwa ya uzuri uliomvutia msanifu ilikuwa kwenye herufi ambazo kazi yake haikuzihitaji. Ndiyo sababu ninawataka wanafunzi wangu wachape maneno yao wenyewe kwenye kisanduku cha majaribio cha muuzaji kabla ya kupenda chochote: jina la bidhaa, neno lenye ng', neno lenye aa au oo, na tarakimu za uzito.

Kuhusu kiwanda, sikilaumu kwa lebo ya kwanza. Walipokea faili na kulichapa kama lilivyo. Lakini fundi wa mashine alijua kuhusu milimita 0.3 tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemuuliza. Mazungumzo ya robo saa naye, kabla ya kuchora, yangebadilisha rangi ya lebo mapema na kuokoa rolo zote zilizotupwa.

Chupa ya gramu 100 hatimaye ilitatuliwa kwa njia ya wachongaji wa zamani. Nyuki Wadogo ina herufi kumi tu zisizojirudia: N, y, u, k, i, W, a, d, o na g. Msanifu alizichora upya zote kumi kwa ajili ya lebo ndogo, akinenepesha mistari myembamba karibu mara mbili, akafungua tundu la a na la g, akapunguza mkia wa W ukawa kijipindo kifupi. Ukiziweka lebo mbili sambamba kwenye kioo zikiwa na kimo kimoja, ile ndogo inaonekana nzito na butu. Kwenye chupa zake zinafanana. Sasa kila mchoro una faili lake, jina la faili linaanza na uzito wa chupa, na agizo linalokwenda kiwandani lina mstari mmoja uliopigiwa wino mwekundu: usipunguze, omba faili la ukubwa huo.